Kiti Kilichoachwa Mlangoni

Ukimsifu Glenda Ogden kwa koti lake, hakwambii asante. Anakutajia bei.

"Pauni nne!" husema, huku akigeuka ili ulione na mgongoni. "Duka la hisani, pale karibu na posta. Sufu tupu. Gusa!"

Nawe ukigusa, anakuonyesha na viatu.

Wako wengi wa namna hiyo katika mji wa Accrington, Uingereza, lakini Glenda amewapita wote. Kila Alhamisi asubuhi huchukua mfuko wake wa magurudumu akateremka barabara kuu. Anaanzia duka la hisani la wagonjwa, linalouza vitu vya sadaka ili kuwasaidia. Anapita lile la paka na mbwa wasio na kwao. Anamalizia kwenye lile ambalo kila kitu ni pauni moja. Jioni huenda kwenye duka la vyakula, saa ile wafanyakazi wanapobandika vibandiko vya manjano vya bei iliyopunguzwa kwenye mikate na nyama isiyofika kesho. Hapo wanawake watu wazima husukumana kwa viwiko huku wakiombana radhi.

Usidhani ni umaskini. Glenda alipika chakula cha shule miaka mingi na sasa ana pensheni yake. Mumewe Trevor naye anayo. Ni ile raha tu. Unapekua rafu ya vikombe vyenye mapengo, mara unaona sahani ya maua kama ile ya bibi yako, nzima, kwa bei ya kutupa. Moyo unaruka. Unaishika upesi kabla mwingine hajaiona. Ukirudi nyumbani unajiona mjanja kuliko mji mzima. Asiyeijua raha hiyo asimcheke anayeijua.

Lakini mwaka jana raha hiyo ilibaki kidogo tu imkoseshe Glenda mjukuu wake. Akikumbuka, mpaka leo hasira zinampanda upya.

Ilikuwa Alhamisi ya mwisho wa kiangazi. Duka la wagonjwa linasimamiwa na mwanamke anayeitwa Nasreen Akhtar. Nasreen ni jirani yake Glenda. Nyumba zao zinatumia ukuta mmoja, na wao huazimana ngazi na sukari. Siku hiyo Glenda hakumwona dukani. Akapitiliza mpaka uani. Akamkuta amepiga magoti, ameshika mkasi mkubwa. Mbele yake palikuwa na kiti cha mtoto cha gari, cheusi, kinang'aa. Nasreen alikuwa anakata mikanda yake.

"We Nasreen! Unafanya nini?"

"Nakata, jirani. Ili mtu asije akakiokota jalalani akakitumia."

"Na akikiokota si ndiyo vizuri? Kiti kizima hicho!"

"Kinaonekana kizima."

"Una wazimu wewe? Lorna wangu anarudi kazini baada ya wiki mbili. Ivy nitakaa naye mimi. Natafuta kiti mpaka miguu inauma, na wewe umekaa hapa unakichanachana!"

Nasreen aliweka mkasi chini. "Siuzi viti vya gari, Glenda. Wala siwezi kukupa cha bure. Sijui kimetoka wapi. Kama gari lake liligongwa..."

"Kama! Kama! Na kama mbingu zikianguka?"

"Nisikilize kwanza."

"Sikusikilizi! Watu wanatoa vitu vyao kwa moyo safi, nyinyi mnavitia mkasi. Roho mbaya hiyo! Hutaniona tena humu dukani mwako."

Akaondoka amefura. Mlangoni alisimama kidogo, kwa sababu aliona birika zuri la chai kwa pauni mbili. Akalinunua kwa hasira, kisha akatoka.

Kesho yake alikwenda kwenye duka kubwa la vitu vya watoto, nje ya mji. Viti vilikuwa vingi, vimepangwa kama viti vya wafalme. Glenda alisoma bei ya kile cha kwanza akadhani wameandika namba ya simu. Akasoma ya pili. Akatoka bila kumuaga mtu, akampigia simu binti yake akiwa bado kwenye maegesho.

"Lorna, wanatuibia hawa! Kwa kipande cha plastiki na kitambaa!"

"Mama, tulishazungumza. Mimi na Craig tumetenga hela ya kiti. Chagua tu, tutalipa."

"Sitaki hela zenu. Bado mnalipia nyumba nyinyi. Kiti nitakipata, na nitakipata kwa bei ya mtu mwenye akili."

"Kipya lakini, mama."

"Umenisikia," alisema Glenda, akakata simu.

Ikafika Jumapili. Siku hiyo maduka ya hisani hufungwa. Na watu wa huko wana tabia moja inayoudhi. Wakisafisha nyumba Jumamosi, hawawezi kungoja mpaka Jumatatu. Huja giza likiingia wakaacha mifuko yao mlangoni mwa duka, chini ya tangazo la herufi kubwa linalosema USIACHE VITU HAPA. Mvua inainyeshea. Mbweha wanachana mifuko na kutapanya nguo barabarani. Lakini aliyeacha ameshalala usingizi mnono, anajiona ametoa sadaka.

Asubuhi Glenda alipita hapo akitoka kumnunulia Trevor gazeti. Akaona lundo. Juu ya lundo alikaa malkia: kiti cha mtoto cha gari, cha buluu, chenye kivuli cha kukunja kichwani. Akakigeuza. Hakina mkwaruzo. Hakina doa.

Aliangalia juu, akaangalia chini. Barabara ilikuwa tupu. Akawaza, kesho Nasreen akifika hapa atakitia mkasi. Basi akaona kwamba haibi, anaokoa. Tena Glenda si mwizi. Alitoa noti ya pauni kumi akaisukuma kwenye tundu la barua la mlango wa duka. Akabeba kiti chake mpaka nyumbani, akiimba njia nzima.

Trevor alikuwa anakunywa chai jikoni.

"Umekinunua hicho? Leo Jumapili? Umemlipa nani?"

"Nimelipa."

"Nani?"

"Mlango."

Trevor alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye gazeti. "Nimeoa mwanamke anayelipa milango," alisema. Glenda hakumjali. Aliteka maji ya moto na sabuni, akakifuta kiti kwa nje na kwa ndani, mpaka kikanukia kama kipya. Kisha akakifunika kwa shuka ili Lorna akija ashangae.

Lorna alikuja Jumatatu jioni akitoka kazini kwake, ambako alikwenda kusalimia na kupanga zamu. Alimbeba Ivy kiunoni. Ivy alikuwa na miezi minane, ana meno mawili, na anapenda kuvuta miwani ya watu. Glenda alivuta shuka.

"Haya!"

Lorna alikitazama kiti. Hakushangaa alivyotakiwa kushangaa.

"Kizuri, mama. Umekipata wapi?"

"We kipende tu."

"Wapi?"

"Dukani kwa Nasreen."

"Nasreen hauzi viti vya gari. Hata kwenye mlango wameandika."

Trevor alikohoa kidogo. "Aliulipa mlango," alisema.

Basi ikabidi yote yaelezwe. Lorna alisikiliza huku uso wake ukibadilika rangi, kutoka mweupe hadi mwekundu.

"Umeokota," alisema taratibu. "Mwanangu unamwokotea kiti jalalani."

"Si jalalani! Mlangoni! Na nimelipia!"

"Umelipia nini? Unajua kilikuwa cha nani? Unajua kimepita wapi?"

"Wewe na kaka zako nimewalea kwa vitu vya watu! Kitanda chako kilitoka mnadani. Viatu vyako vya shule vilivaliwa na watoto watatu kabla yako. Nani alikufa?"

"Kiatu kikichanika mtoto anavua, mama! Hiki kikichanika yuko barabarani ndani ya gari!"

"Hebu! Umezaa juzi tu, leo unanifundisha kulea?"

"Nilikuomba kitu kimoja. Kimoja! Kiwe kipya. Nikakwambia tunalipa sisi. Lakini wewe huwezi. Kwako bei rahisi ndiyo dini. Ungeweza kununua parachuti ya mtumba na ukaruka nayo!"

"Toka na matusi yako!"

"Natoka. Na Ivy natoka naye. Nitamtafutia mlezi wa kulipwa. Usihangaike tena."

Maneno hayo yalimpata Glenda kama kofi. Alikuwa ametenga siku zake zote kwa ajili ya Ivy. Chumba kidogo cha juu alikipaka rangi ya manjano kwa mkono wake mwenyewe. Kitanda cha Ivy kilikuwa kimeshatandikwa. Na sasa Lorna alikuwa anafunga vifungo vya koti la mtoto.

Trevor aliona mzaha umekwisha. Alitoka uani, akagonga ubao wa uzio.

"Nasreen! Njoo, tafadhali, kabla hawajauana!"

Nasreen alikuja na aproni yake, ananukia kitunguu cha kukaanga. Akasimama mlangoni mwa jikoni. Akakiona kiti.

"Mmemwita na shahidi," alisema Glenda.

"Jirani, zile pauni kumi nilizozikuta chini ya mlango leo asubuhi ni zako?"

"Zangu."

"Nimeuliza duka zima. Tulidhani ni malaika."

Hakuna aliyecheka isipokuwa Ivy, naye alikuwa anamchekea Trevor.

"Mwambie Lorna kiti hiki kizima," alisema Glenda. "Mwambie! Angalia. Hata mkwaruzo hakina."

Nasreen alichuchumaa. "Siwezi kumwambia, kwa sababu sijui. Alhamisi nilitaka kukueleza, ukanipigia makelele. Leo utanisikiliza?"

Glenda alikunja mikono. Hakusema ndiyo, lakini hakuondoka.

"Kiti cha gari kinafanya kazi yake mara moja tu," alisema Nasreen. "Gari likigongwa, kiti kinapokea mshindo ili mtoto asiupokee. Plastiki inaweza kupata ufa kwa ndani. Mikanda inavutika. Kwa nje huoni kitu. Kinabaki kizuri vilevile, lakini nguvu yake imeshatumika. Gari likigongwa tena, hakitamlinda mtoto inavyotakiwa."

"Sasa mtu atajuaje kama kimeshagongwa?" aliuliza Lorna.

"Ndiyo hapo. Ukikitazama hujui, nami sijui. Anayejua ni aliyekuwa nacho. Kama ni dada yako, au rafiki unayemwamini, akakwambia hakijapata ajali, na kitabu chake cha maelezo kipo, na si cha zamani mno, hapo unaweza kukipokea. Plastiki nayo inazeeka. Lakini mtu wa mlangoni, hata jina lake hulijui."

"Maneno matupu," alisema Glenda, ingawa sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nionyeshe."

"Huenda nisipate cha kukuonyesha. Mara nyingi hakuna."

Nasreen alifungua vifungo vya pembeni, akavua kitambaa chote cha kiti. Glenda alikuwa amefuta juu, hakuwahi kukivua. Chini ya kitambaa palikuwa na sponji. Nasreen akainyanyua sponji.

Kitu kidogo kilidondoka sakafuni. Kikafuata kingine. Trevor aliinama, akaokota kwa kidole. Ilikuwa punje ya kioo, ndogo kama punje ya chumvi ya mawe. Nasreen akainamisha kiti, na punje nyingine zikamiminika kutoka kwenye mikunjo ya chini, zikametameta kwenye vigae.

"Kioo cha gari," alisema Trevor. Sasa hakuwa na mzaha hata kidogo. "Cha dirishani. Kikivunjika ndivyo kinavyokuwa, punje punje."

Ivy alinyoosha mkono avishike vile vitu vinavyong'aa. Lorna alimvuta nyuma kwa nguvu mpaka mtoto akalia.

Glenda aliangalia sakafu. Halafu akalipuka.

"Alijua! Mshenzi huyo alijua! Gari lake limevunjika vioo, mtoto wake alikuwa humu humu, naye akafuta juu juu akaja kukitupa mlangoni kwa watu! Halafu akaenda kulala! Nikimjua nitamvuta masikio mpaka polisi!"

"Hutamjua," alisema Nasreen. "Na huenda hakuelewa. Huenda alidhani anasaidia."

"Anasaidia? Kusaidia ndiyo huku?" Akapiga meza. Vikombe vikaruka. Kisha akakaa. "Na mimi je? Mimi nilitaka kumfunga Ivy humu. Nikakipaka na sabuni kinukie."

Akalia. Hakulia kwa huzuni tu. Alilia kwa hasira, akijifuta machozi kwa kiganja kama anajipiga. Alimkasirikia mtu wa mlangoni. Alijikasirikia mwenyewe zaidi.

Nasreen hakumbembeleza. Alitoa mkasi kwenye droo ya Glenda, akaikata mikanda ya kile kiti hapohapo jikoni. Kila ukanda ulipokatika Glenda alifumba macho.

"Sikwambii uache kununua kwangu," alisema Nasreen. "Nitafunga duka usipokuja. Nguo za Ivy, chukua. Vitabu, bakuli, midoli ya kuoshwa, chukua uwezavyo. Lakini kitu ambacho kazi yake ni kupokea mshindo, kama kiti cha gari au kofia ya baiskeli, usichukue kwa mtu usiyemjua. Hata akikupa bure."

Lorna alikuwa bado amesimama, koti la Ivy limefungwa mpaka kidevuni.

"Kipya, mama," alisema.

"Kipya," alisema Glenda.

"Na nakuja nawe dukani. Sikuamini ukiona kibandiko chekundu cha punguzo."

"Njoo basi! Nani kakukataza?"

Jumamosi Glenda, Lorna na Ivy walikwenda na gari la Glenda, kwa sababu Nasreen alikuwa amewaambia gari lenyewe lazima liwepo. Kiti kinachokaa vizuri kwenye gari moja kinaweza kucheza kwenye jingine. Lorna alikuwa sahihi kuhusu kibandiko chekundu. Mlangoni tu palikuwa na viti vipya, vya boksi, vimepunguzwa bei nusu. Macho ya Glenda yaliwaka.

"Hivi ni vipya! Vipya kabisa! Sasa utasema nini?"

"Tujaribu kwanza," alisema mfanyakazi mmoja wa duka, kijana wa kike mpole aliyeitwa Bethan. Alionyesha kibandiko cha rangi ya chungwa nyuma ya kiti. "Hiki kinaonyesha kimepimwa na kukubaliwa. Kiti kisicho na hiki usinunue popote. Sasa tuone kama gari lako linakikubali."

Akakibeba mpaka nje, akakiweka kwenye kiti cha nyuma, akavuta mkanda wa gari. Akakishika na kukitikisa. Kikacheza kama jino bovu. Akakifunga upya, kikacheza tena.

"Hakikai humu, mama," alisema Bethan. "Kwenye magari mengine kinakaa vizuri. Kwenye hili, hapana."

"Tukiweka taulo chini?"

"Mama!" alisema Lorna.

"Nauliza tu!"

"Taulo hapana," alisema Bethan. "Wala usikiweke mbele karibu na dereva. Kule kuna mfuko wa hewa unaofumuka gari likigongwa. Ukifumuka utakipiga kiti hiki kwa nguvu, na mtoto yumo."

Kilichokaa imara kilikuwa cha kijivu, hakina urembo, wala hakina punguzo la hata senti. Glenda alikitafuta kibandiko chekundu pande zote hadi chini. Hakukiona. Akafungua pochi yake kwenye kaunta. Lorna akatoa kadi yake, Glenda akamsukuma mkono.

"Ondoa hapo. Nalipa mimi."

Alilipa bei yote. Alipokea risiti kwa uso wa mtu anayepokea habari za msiba. Njia nzima hakusema neno ila moja, nalo siwezi kuliandika hapa. Lakini Jumatatu Lorna alimleta Ivy asubuhi na mapema, na chumba cha manjano kikapata mwenyewe.

Miezi miwili ikapita. Ivy akajua kusimama kwa kushika meza. Glenda akarudi kwenye Alhamisi zake, sasa akiwa na Ivy pembeni. Walipekua pamoja. Ivy alipata fulana zake zote kwa Nasreen, na kitabu cha ng'ombe ambacho alikipenda kwa kukitafuna.

Siku moja ya Novemba, mvua ikinyesha, Glenda alisimama kwenye taa za barabarani karibu na soko. Taa ilikuwa nyekundu. Nyuma yake gari la mizigo halikusimama.

Alisikia mshindo kabla hajajua ni nini. Gari lilirushwa mbele. Kioo cha nyuma kikapasuka chote. Kisha kimya, halafu mvua ikaanza kuingia.

"Ivy!"

Ivy alilia. Glenda hajapata kusikia kitu kizuri kama kilio kile. Akatoka, akafungua mlango wa nyuma. Kiti cha kijivu kilikuwa palepale kilipofungwa. Kivuli chake cha kukunja kilikuwa kimejaa punje za kioo. Chini ya kivuli Ivy alikuwa mwekundu kwa hasira, amenyoosha mikono, anataka kutolewa. Hospitali walimwangalia kutoka utosini hadi vidoleni. Hakuwa na kitu.

Dereva wa gari la mizigo alisema alikuwa anaangalia simu. Glenda alimwambia maneno ambayo soko zima lilisikia, na waliosikia bado wanayasimulia.

Kesho yake Trevor alileta kiti kutoka kwenye gari lililovunjika. Akakiweka juu ya meza ya jikoni. Wakakitazama. Kilikuwa na miezi miwili tu.

"Hakina hata mkwaruzo," alisema Trevor.

"Najua."

"Bima watalipia kingine, nimewauliza. Lakini hiki kipo tu. Mtu mwingine angeweza..."

"Usimalize," alisema Glenda.

Alikibeba mwenyewe mpaka dukani kwa Nasreen, akamwachia Ivy. Akapitiliza mpaka uani. Hakuomba ruhusa. Alichukua mkasi mkubwa msumarini, akapiga magoti pale pale alipomkuta Nasreen kiangazi. Akavuta ukanda wa kwanza. Ulikuwa mgumu, mpya bado. Alikumbuka kila pauni aliyoitoa. Hasira ilimjaa mpaka machoni, akaukata.

Kwenye lango la ua palikuwa na mwanamke kijana, mjamzito, ana mfuko wa vitu vya kutoa. Alisimama akatumbua macho.

"We mama! Unakata kiti kizima? Nakupa pauni ishirini, sasa hivi!"

"Siuzi."

"Thelathini! Najifungua mwezi ujao. Angalia, hakina kitu!"

"Kilipata ajali jana. Mjukuu wangu alikuwemo."

"Na yuko wapi sasa?"

"Yuko ndani na Nasreen. Anatafuna kitabu."

"Si unaona? Kiti kimemlinda! Kizuri hicho!"

"Kilikuwa kizuri jana," alisema Glenda. "Kimeshafanya kazi yake. Kazi ya mwanao hakiwezi tena. Ingia ndani uchukue nguo za mtoto, ziko nyingi na bei ni ya kutupa, nitakuchagulia mwenyewe. Kiti nunua kipya, uende na gari lako."

"Wenye hela nyinyi mnasema tu," alisema yule mwanamke. "Roho mbaya hiyo!"

Glenda aliinua uso. Alifungua mdomo amjibu inavyostahili, kwa sababu majibu anayo. Kisha akaliangalia lile tumbo, akaufunga.

Akashika ukanda wa mwisho, akaukata.